Kiroboto wa Maji Atoa Ushahidi

Jumapili moja, baada ya Misa ya pili, mama mmoja alitungoja chini ya mwembe karibu na kanisa, hapa Kasongo. Mgongoni alikuwa na mtoto. Mkononi alishika kifuko cha maji, kile cha plastiki ambacho watoto hukiuza sokoni wakati wa jua kali. Alitusalimu kwa heshima, kisha akasema:

«Baba zangu, ninyi mnaandika magazetini, nijulisheni. Nasikia ya kwamba plastiki hii husagika ikawa vumbi, na vumbi hilo huingia katika maji, na katika samaki, na katika miili yetu. Jirani yangu asema: Afadhali turudi kunywa maji ya kijito kama wazee wetu. Lakini kipindupindu kimekwisha kuingia nyumbani mwetu mara moja, nami sitaki kukiona tena. Nishike neno lipi?»

Tulimjibu: «Mama, usimrudishe mtoto kwenye maji ya kijito. Hilo twalijua kwa hakika. Kuhusu lile jingine, utupe siku chache tupate kulichungua.»

Makala hii ndiyo jibu tulilomwahidia. Na kwa kuwa si yeye peke yake aulizaye, twaona vema kuwajibu wote pamoja, wazazi na wanafunzi. Shahidi tutakayemwita ni mdogo kuliko punje ya mchele, lakini ushahidi wake umesikilizwa na mabingwa wa nchi nyingi.

PLASTIKI HAIOZI, HUSAGIKA

Jani la mgomba likitupwa shambani, baada ya majuma machache limekuwa udongo. Kikapu kilichochakaa ni vivyo hivyo. Viumbe wadogo wa udongoni walijua jani tangu mwanzo wa dunia. Hulila hata wakalimaliza. Plastiki hawaijui. Ilianza kuenea duniani baada ya Vita Kuu ya Pili, na hata leo ni viumbe wachache mno waliojifunza kuila. Basi yenyewe haiozi, bali husagika. Jua huikausha, mchanga na mawe ya mto huisugua, ikapasuka vipande, na vipande vikapasuka tena. Bidoni kuukuu, kamba, kandambili, kifuko cha maji: vyote hufuata njia hiyo moja.

Mwaka 2004 mtaalamu wa Uingereza aitwaye Richard Thompson, wa Chuo Kikuu cha Plymouth, alitangaza pamoja na wenzake kwamba wamekuta chembe za namna hiyo katika mchanga wa pwani na katika maji ya bahari. Tangu hapo zimetafutwa kila mahali. Wataalamu wamezoea kuita mikroplastiki kila kipande kisichofika milimita 5. Nyingine si vipande bali ni nyuzi: nguo nyingi za siku hizi, hata za mitumba, zimefumwa kwa nyuzi za plastiki ziitwazo poliesta, na kila zinapofuliwa, nyuzi nyembamba hukatika zikaenda na povu la sabuni.

Sisi tumo vipi katika habari hii? Tazameni mvua kubwa inyeshapo baada ya siku ya soko. Vifuko vilivyotupwa chini huelea mtaroni, mtaro huvipeleka kijitoni, na kijito huingia Lualaba. Ndugu zetu wa Kabambare wasidhani kwamba wao wako mbali: Luama yao nayo humwaga maji yake katika Lualaba, kusini ya Kasongo. Wala Lualaba haianzi kwetu. Mto Lukuga hutoka katika Ziwa Tanganyika penye mji wa Kalemie, ukakutana na Lualaba kati ya Kabalo na Kongolo. Kwa hiyo sehemu ya maji yapitayo mbele yetu yametoka katika ziwa lile lenye miji ya Bujumbura, Uvira, Kigoma na Kalemie mwambaoni mwake. Nasi yale tunayotupa, mto huyachukua mpaka Kindu na Kisangani, hata Kinshasa, hata baharini. Kila mji hupokea uchafu wa mji ulio juu yake, na kuupeleka kwa jirani aliye chini, pamoja na wake.

SAMAKI WA SOKO LA MWANZA

Katika maziwa makuu ya Afrika, ushahidi wa kwanza wa chembe hizi ndani ya samaki ulipatikana katika Ziwa Viktoria. Wataalamu wa Tanzania na wa Denmark walinunua samaki katika soko la bandari ya Mwanza, kama mama yeyote anunuavyo: sangara 20, ambaye kwetu tumezoea kumwita kapiteni, na sato 20, yaani tilapia. Waliyatoa matumbo yao wakayayeyusha katika magadi makali, kwa maana magadi hayo hula nyama, na plastiki hubaki. Kisha kila chembe iliyotiliwa shaka waliipima kwa chombo cha mwanga ambacho huonyesha kitu kimetengenezwa kwa nini.

Habari yao ilichapwa mwaka 2016. Katika kila samaki 5 wa kila aina, 1 alikutwa na plastiki iliyothibitishwa kwa chombo hicho. Ilikuwa plastiki ya namna ya vifuko na vifungashio, na ya nyuzi za nguo, pamoja na nyingine. Mwaka 2020 wataalamu wa Uganda nao walieleza waliyoyakuta wakikokota wavu mwembamba juu ya maji ya ziwa hilohilo: kati ya chembe 0.02 na 2.19 katika kila lita 1,000 za maji, kwa kadiri ya mahali.

Basi plastiki imo. Lakini hapa yatupasa kwenda polepole, maana wengi hujikwaa mahali hapa. Kumkuta mtu njiani usiku si kumwona akiiba. Kukuta chembe tumboni mwa samaki kwaonyesha kwamba chembe imeingia. Hakuonyeshi bado kwamba imemdhuru. Ili kulijua hilo, lazima kulijaribu jambo lenyewe, tena kwa haki. Ndipo mabingwa walipomwita kiroboto wa maji.

SHAHIDI MWENYEWE

Wataalamu humwita Dafnia. Jina la kiroboto amelipata kwa sababu huogelea kwa kurukaruka, lakini si kiroboto wala si mdudu wa kuuma. Ni jamaa ya kamba na kaa. Huishi katika madimbwi na maziwa ya maji baridi, na wa ukoo wake wamo katika Afrika pia. Yule atumiwaye zaidi katika majaribio, akiwa mkubwa kabisa, hafiki zaidi ya milimita 5.

Muumba amempa ganda linaloonya kama kioo. Ukimweka chini ya hadubini, utauona moyo wake ukipiga, utumbo wake uliojaa rangi ya kijani ya mwani alioula, na mayai yake yaliyowekwa mgongoni, mahali pale mama zetu wanapobeba watoto wao. Hana siri mwilini mwake. Kwa sababu hiyo amekuwa shahidi mzuri.

Kula kwake ni kuchuja. Miguu yake yenye vinyweleo haitulii. Huvuta maji na kuchuja kila kilichomo: mwani, bakteria, vumbi. Hawezi kuchagua punje moja moja kama kuku. Kilicho na kimo cha kupita kinywani mwake, hukimeza. Naye vilevile huliwa na samaki wachanga. Kwa hiyo yeye ni mlango: yaliyomo ndani ya maji hupitia kwake yakaingia katika samaki, na samaki yuko katika sahani yetu.

Tena majike yake, mambo yakiwa mema, huzaa bila dume, na binti hufanana na mama kama pacha. Mwenye kufanya jaribio huweza kupata wengi wa damu moja, wa siku moja, waliolishwa chakula kimoja. Ikiwa mmoja amepatwa na dhara na mwingine hakupatwa, hatuwezi kusema: «Ni kwa sababu ya ukoo wake.»

BILAURI MBILI, SIKU MBILI

Jaribio la kwanza lina kanuni zilizoandikwa na shirika la OECD la Paris, ili mtu wa Japani na mtu wa Ubelgiji wapime kwa kipimo kimoja. Viroboto walio chini ya masaa 24 tangu kuzaliwa hutiwa katika bilauri, wasipungue 20 kwa kila kiasi cha dawa inayojaribiwa. Katika bilauri nyingine hutiwa wenzao 20 katika maji matupu, bila dawa. Baada ya masaa 24, na tena baada ya masaa 48, bilauri hutikiswa taratibu. Yule asiyeweza kuogelea katika muda wa sekunde 15 huhesabiwa kuwa amekwama.

Msomaji aweza kuuliza: Hao wa maji matupu ni wa kazi gani? Ndio nguzo ya jaribio zima. Viroboto waweza kufa kwa joto, kwa njaa, kwa bilauri chafu. Ikiwa katika maji matupu wamekwama zaidi ya 10 katika 100, jaribio lote hutupwa, hata kama lilipendeza namna gani.

Watu wa Kasongo hawana haja ya kushangaa desturi hii, kwa maana wao wenyewe waliingia katika kazi ya namna hiyo. Katika miaka ya 1970 waganga wa hapa, pamoja na Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerpen, walitoa chanjo ya surua kwa watoto wadogo. Kisha wakalinganisha uhai wa waliochanjwa na uhai wa wasiochanjwa, wakayaandika mambo hayo katika gazeti la waganga la London, The Lancet, mwaka 1981. Jina la Kasongo likasomwa duniani kote. Ni hekima ileile: usiseme dawa imefaa, wala sumu imeua, kabla hujatazama yule asiyeipata.

Basi, plastiki ilipotiwa bilaurini ilionekanaje? Mwaka 2016 mtaalamu wa Berlin, Saskia Rehse, na wenzake walichapa jaribio lao. Walitumia chembe za plastiki ya namna ya vifuko, za vimo viwili. Chembe kubwa zilikuwa na upana wa sehemu ya kumi ya milimita: hizo hazikupita kinywani, nazo hazikuonekana kuwadhuru. Chembe ndogo zilikuwa sehemu ya elfu ya milimita: hizo zilimezwa. Kadiri muda na kiasi vilivyozidi, ndivyo waliokwama walivyoongezeka. Baada ya masaa 96, miligramu 57 hivi katika lita moja zilitosha kuwakwamisha nusu yao.

Kumbe kipande kile tunachokiona na kukichukia si lazima kiwe ndicho kibaya zaidi kwa mnyama mdogo. Kilichosagika hata kisionekane ndicho kilichopata mlango.

SIKU ISHIRINI NA MOJA

Jaribio la siku mbili huuliza: «Je, amekufa?» Lakini baba wa nyumba ajua kwamba kuna mambo yanayobomoa jamaa bila kumwua mtu siku ileile. Kwa hiyo kuna jaribio la pili, la siku 21. Viroboto 10 huwekwa kila mmoja katika bilauri yake, kwa kila kiasi kinachojaribiwa. Hulishwa kwa kipimo. Watoto wakizaliwa, huhesabiwa na kuondolewa. Katika maji matupu, kila mama apaswa kuwa amezaa watoto 60 kwa wastani siku ya 21 ifikapo. Wakipungua hapo, jaribio halikubaliwi.

Hesabu hii ya watoto ndiyo iliyofunua mengi. Katika bilauri zenye kiasi kikubwa cha plastiki, mara nyingi mama yu hai, aogelea, moyo wapiga. Ukimtazama haraka utasema hana neno. Lakini akila plastiki, tumbo limejaa na mwili haukupata kitu. Hukua kidogo, huchelewa kuzaa, na watoto wake ni wachache. Bilauri haina maiti, lakini jamaa inapungua.

Twaomba wasomaji walishike neno hili, kwa sababu ndilo kiini cha habari yetu. Sisi nasi hupenda kuhukumu kwa jaribio la siku mbili. Twasema: «Tumetupa vifuko mtoni miaka yote, nani amekufa?» Swali hilo si la haki. Swali la haki ni hili: wale waliozaliwa ni wangapi, na wangalizaliwa wangapi?

BILAURI YA TATU: TOPE

Hapa mtu mwenye akili atapinga, na yafaa asikilizwe. Atasema: «Lualaba wetu umejaa tope tangu zamani za mababu. Viumbe wa maji wamemeza vumbi la udongo siku zote. Labda si plastiki iwadhuruyo, ni vumbi tu, la namna yoyote.»

Pingamizi hilo ni jema, na mabingwa walilipa haki yake. Waliongeza bilauri ya tatu: maji yaliyotiwa kaolini, yaani udongo mweupe laini kama ule wa kupakia kuta. Mwaka 2016 Martin Ogonowski na wenzake, wa Stockholm, walilinganisha udongo huo na vishanga vya plastiki vilivyo mviringo, na tena na plastiki iliyosagwa yenye kingo zisizo sawa, kama zile zipatikanazo mtoni. Iliyosagwa ndiyo iliyoongeza vifo na kupunguza uzazi, ingawa kwa kiasi kikubwa mno. Udongo haukufanya hivyo.

Mwaka 2020 Lisa Zimmermann na wenzake, wa Chuo Kikuu cha Frankfurt, waliendelea mbele. Walisaga plastiki za namna tatu, wakazijaribu kwa siku 21 pamoja na kaolini. Kisha wakatoa dawa zilizochanganywa ndani ya plastiki, wakazijaribu peke yake bila chembe. Walitaka kujua kama mwenye kosa ni punje au ni dawa iliyomo ndani yake. Wakaona hivi: plastiki zote tatu ziliwadhuru viroboto kuliko udongo. Katika ile iitwayo PVC, ambayo mabomba mengi hutengenezwa nayo, dawa zilizomo ndizo zilizotenda. Katika zile mbili nyingine, punje zenyewe zilitenda. Na mojawapo ya hizo mbili ilikuwa plastiki itengenezwayo kwa mimea, ile isifiwayo kwamba huoza; nayo haikuwa na huruma kuliko wenzake.

Basi tope si plastiki. Viumbe wa mto wamelizoea tope tangu kuumbwa. Mgeni huyu hawajamzoea. Wala «plastiki» si kitu kimoja: zina dawa mbalimbali, vimo mbalimbali, na madhara mbalimbali. Mwenye kusema «zote ni sumu» na mwenye kusema «zote ni vumbi tu» wote wawili wamehukumu kabla ya kumsikiliza shahidi.

KIASI NI NENO KUBWA

Ushahidi ukitolewa nusu huwa uongo. Kwa hiyo twasema na hili. Viasi vilivyotiwa katika bilauri hizo ni vikubwa mno kuliko vile vilivyopimwa ziwani. Mkumbuke zile chembe 2 hivi katika lita 1,000 za Ziwa Viktoria. Katika majaribio huwekwa maelfu na maelfu katika kijiko kimoja. Mtu asichukue hesabu ya bilaurini akaipeleka sokoni kuwatisha watu.

Lakini mtu asilale usingizi pia. Nyavu za watafiti hushika vipande vilivyo vikubwa. Lile vumbi jembamba, ambalo ndilo limezwalo na kiroboto, hupita katika matundu ya wavu bila kuhesabiwa. Tena plastiki iliyokwisha kuingia mtoni hairudi nyuma. Ile ya leo huongezwa juu ya ile ya jana, na kila kipande kikubwa cha leo ni vumbi la kesho. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki wanaokijaza ni sisi.

JIBU LETU KWA MAMA

Sasa twarudi chini ya mwembe. Mama, jirani yako amekupa shauri baya kwa sababu ya habari ya kweli. Plastiki husagika, na majaribio yameonyesha kwamba yaweza kuwadhuru viumbe wadogo. Hayo ni kweli. Lakini mwaka 2019 Shirika la Afya la Ulimwengu lilitazama jambo la chembe hizi katika maji ya kunywa, likasema kwamba hatari iliyo kubwa zaidi kwa afya ya watu ni vijidudu vya magonjwa. Kipindupindu huua mtoto kwa siku moja. Mpe mtoto wako maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa ya klorini, yakae katika chombo safi chenye kifuniko. Mkiwa safarini, na kifuko ndicho maji safi mliyo nayo, mnunulie bila hofu.

Dhambi haiko katika kunywa. Iko katika kutupa. Kifuko kimekulinda, nawe sasa ukilinde kijito. Kirudishe nyumbani mfukoni mwako. Nyumbani wekeni gunia moja la plastiki zote, kila jamaa lake. Vifuko vilivyooshwa vyafaa kwa miche ya miti, lakini siku ya kupanda, kifuko kisizikwe pamoja na mche. Kivuliwe, kirudi guniani. Sokoni nendeni na kikapu. Wala msichome plastiki katika moto wa jikoni, kwa maana moshi wake ni mbaya kwa mapafu ya mama na ya mtoto aliye mgongoni.

Serikali yetu kwa dekreti ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko na vifuko vya plastiki. Kila mmoja aonaye soko la leo ajua jinsi amri hiyo inavyofuatwa. Lakini Mkristu hangoji askari ndipo atende lililo jema. Marehemu Papa Fransisko, katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, aliyataja maji kati ya mambo ya kwanza aliyoyalilia, akatukumbusha kwamba dunia tumekabidhiwa tuilime na kuitunza, wala hatukupewa tuiharibu.

KWA WANAFUNZI

Ninyi mlio shuleni, msiamini kwa sababu tumesema, jaribuni. Tafuteni viroboto wa maji katika kisima cha zamani au katika pipa la maji ya mvua lililosimama muda mrefu. Msiingie katika madimbwi yenye konokono, maana humo mna kichocho. Chukueni maji kwa kopo lenye mpini mrefu, na mnawe mikono kwa sabuni. Inueni chupa kwenye mwanga: mkiona vijidoa vinavyorukaruka, mmempata shahidi wenu.

Twaeni vyombo vitatu vya kioo vilivyo sawa. Tieni maji yaleyale, viroboto 15 katika kila kimoja, na maji kidogo ya kijani yenye mwani kuwa chakula chao. Cha kwanza kiacheni hivyo hivyo. Cha pili tieni udongo laini kidogo. Cha tatu tieni unga wa bidoni kuukuu uliosuguliwa kwa msasa, kwa kipimo sawa na cha udongo. Vikae pamoja kivulini. Kila asubuhi, kwa siku 21, hesabuni walio hai na watoto waliozaliwa, mkaandike katika daftari, hata ikiwa hesabu haikuwapendeza. Tena jaribio moja halitoshi; lirudieni.

Huenda msione tofauti, kwa kuwa unga wenu utakuwa mnene kuliko kinywa cha kiroboto. Hapo msidanganye daftari. Andikeni mlichokiona, kisha ulizeni kwa nini. Mwanafunzi aandikaye ukweli usiompendeza amejifunza zaidi ya yule aliyepata jibu alilolitaka.

Bwana wetu, alipotaka kutufundisha habari za Ufalme, hakuchukua mwerezi wala tembo. Alichukua punje ya haradali. Nasi tumechukua kiumbe aonekanaye kama kijidoa katika maji. Hana sauti, hana wa kumtetea, na wengi wetu tumemwaga maji yake mara elfu bila kujua kwamba yumo. Lakini tukimtazama kwa uvumilivu siku 21, atatuambia mto wetu umekuwaje, na watoto wetu watakula samaki wa namna gani.

Mama yule, tulipomsomea makala hii kabla ya kuipeleka kuchapwa, alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakunja kifuko kitupu alichokuwa nacho, akakifunga katika pindo la kitenge chake, akasema: «Basi hiki kitalala kwangu.»